Mizani na Anayeisoma

Mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa kufanya kazi sawasawa hufundishwa kujipima uzito asubuhi, akishakwenda haja na kabla hajatia kitu mdomoni, akiwa na nguo nyepesi zilezile za jana. Hajipimi kwa ajili ya unene, anapima maji. Moyo uliochoka hausukumi damu ya kutosha, figo zinapata damu pungufu na kudhani mwili umekaukiwa, basi zinaanza kubania chumvi na maji. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo kilo mbili zilizoongezeka ndani ya siku tatu si pilau ya juzi: ni lita mbili zilizokosa njia ya kutokea. Hushuka kwanza miguuni. Kiatu kinabana jioni, soksi inaacha alama, na ukibonyeza kwa kidole gumba juu kidogo ya kifundo cha mguu shimo linabaki pale kama kwenye donge la unga uliokandwa. Kisha maji yanaingia mapafuni. Aliyekuwa akilalia mto mmoja anaomba wa pili, halafu wa tatu, halafu analala ameketi kitini, hadi usiku mmoja anakimbizwa hospitali akitweta. Safari hiyo ya kutoka kwenye kiatu kinachobana hadi kitandani wodini mara nyingi huchukua wiki nzima au zaidi, na ndani ya wiki hiyo ndimo ilimozaliwa biashara yote ya vifaa vya kumfuatilia mgonjwa wa moyo akiwa nyumbani kwake.

Hoja ya wabunifu wa vifaa hivyo inaingia akilini mara moja. Ikiwa dalili zinatangulia siku saba, na mizani ina uwezo wa kuziona, basi iunganishwe na mtandao wa simu; iongezwe mashine ya presha, kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni, na kifaa cha kusoma umeme wa moyo; vipimo vyote viruke hadi hospitali kila asubuhi, na mgonjwa aongezewe dawa ya kutoa maji kabla mapafu hayajajaa. Kitanda kimoja kimebaki wazi, familia imeokoa nauli na gharama, na mtu amelala usingizi wake kwake. Kwa zaidi ya miaka ishirini hoja hii imevuta fedha nyingi Ulaya na Marekani, ikajaribiwa kwa maelfu ya wagonjwa, ikashindwa vibaya mara kadhaa na kufaulu vizuri mara chache. Nimekuja kuamini kwamba tofauti kati ya kushindwa na kufaulu kwake haikuwa ndani ya vifaa. Kipimo hakimtibu mtu. Kinachomtibu ni jibu linalofuata kipimo, na jibu lazima liwe na mwenyewe: mtu aliye zamu, mwenye wajibu wa kusoma na ruhusa ya kugusa dozi.

Tuanze na kushindwa, maana ndiko kunakofundisha. Mwaka 2010 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya utafiti wa Marekani ulioitwa Tele-HF. Wagonjwa 1,653 waliokuwa wametoka kulazwa karibuni waligawanywa kwa kura. Kundi moja liliendelea na matibabu ya kawaida. La pili lilitakiwa kupiga simu kila siku kwenye mtambo wenye sauti iliyorekodiwa, unaouliza habari za afya, za dalili na za uzito wa asubuhi, na mgonjwa anajibu kwa kubonyeza vitufe vya simu. Baada ya siku 180, waliolazwa tena au kufariki walikuwa asilimia 52.3 kwenye kundi la mtambo na asilimia 51.5 kwenye kundi la kawaida. Kwa maneno mengine, mtambo haukubadili kitu. Lakini takwimu zinazonigusa zaidi ni nyingine: asilimia 14 ya waliopangiwa mtambo hawakuupigia hata siku moja, na kufikia wiki ya mwisho ni asilimia 55 tu waliokuwa bado wanautumia angalau mara tatu kwa wiki. Walioendesha utafiti walisoma majibu siku za kazi tu, na figo hazijui Jumamosi. Rahisi kuwalaumu wagonjwa kwa uvivu. Mimi ningeuliza ni nani kati yetu ataamka kila siku kwa miezi sita kuielezea sauti ya kanda jinsi alivyopumua usiku, huku hana hakika kama upande wa pili kuna mtu.

Miaka sita baadaye ulikuja utafiti ambao kwa juujuu unaibomoa hoja yangu, na si haki kuuruka. Huu uliitwa BEAT-HF, ukafanyika kwenye vituo sita vya hospitali za vyuo vikuu katika jimbo la California, kwa wagonjwa 1,437. Safari hii vifaa vilituma uzito, presha na mapigo vyenyewe, na palikuwa na wauguzi hai wanaopiga simu na kufundisha. Watu walikuwepo upande wa pili. Hata hivyo, baada ya siku 180 waliolazwa tena kwa sababu yoyote walikuwa asilimia 50.8 kwa waliofuatiliwa na 49.2 kwa wasiofuatiliwa. Mbona basi mtu hakusaidia? Jibu liko katika alichoruhusiwa kufanya mtu huyo. Wauguzi walikaa kwenye kituo kimoja cha simu, na kazi yao kubwa walipoona namba mbaya ilikuwa kumwelekeza mgonjwa na kumhimiza amtafute daktari wake. Fikiria mkondo huo: mizani inamwambia muuguzi, muuguzi anamwambia mgonjwa, mgonjwa anapiga simu zahanati, anapewa miadi ya wiki ijayo. Maji hayangoji miadi. Kuwepo kwa binadamu peke yake hakutoshi; tarishi naye ni binadamu. Anayehitajika ni yule ambaye akiona kilo mbili zimeongezeka anaweza kusema sasa hivi, meza viwili badala ya kimoja hadi keshokutwa, na neno lake likawa amri.

Mtu huyo alipatikana Berlin. Hospitali ya Charité iliongoza utafiti wa Kijerumani uitwao TIM-HF2, uliochapishwa katika The Lancet mwaka 2018, na takriban wagonjwa 1,540 waliingia kwenye hesabu ya mwisho. Walikuwa wazee wenye umri wa wastani wa miaka 70, wote wamewahi kulazwa kwa moyo ndani ya miezi 12 iliyotangulia. Waliofuatiliwa walipewa mizani, mashine ya presha, kifaa cha umeme wa moyo, kibanio cha oksijeni na kishikwambi cha kutumia vyote hivyo, pamoja na simu ya dharura. Vifaa vya namna hiyo hata mwaka 2010 vilikuwepo. Kilichokuwa kipya ni chumba cha upande wa pili: madaktari na wauguzi wa moyo walioketi zamu saa 24, siku saba za wiki, wenye faili la mgonjwa mbele yao, wanaompigia simu kila mwezi hata kama hana tatizo, na wanaoweza kubadili dawa au kumwita hospitali. Kwa mwaka mmoja, siku zilizopotea kwa kulazwa kusikotarajiwa au kwa kifo zilikuwa wastani wa 17.8 kwa waliofuatiliwa na 24.2 kwa wasiofuatiliwa. Kwa vifo vya sababu zote, ukikadiria kwa wagonjwa 100 kwa mwaka, walifariki karibu 8 kwa waliofuatiliwa na zaidi ya 11 kwa wasiofuatiliwa. Vifo vya moyo na mishipa peke yake havikutofautiana kwa kiwango cha kuridhisha wanatakwimu, na anayekuuzia mashine hatakwambia hilo. Lakini matokeo yalikuwa na nguvu ya kutosha hivi kwamba Desemba 2020 baraza linaloamua bima za Ujerumani zilipie matibabu gani liliukubali ufuatiliaji huu kuwa haki ya wagonjwa wa aina hiyo.

Kuna mkia wa habari hiyo ambao haunukuliwi sana. Utafiti ulipokwisha, vifaa vilirudishwa na zamu ikavunjwa kwa wagonjwa wale. Watafiti waliendelea kuwaangalia kwa mwaka mmoja zaidi, wakachapisha walichokiona mwaka 2020: ile faida haikuonekana tena. Wangekuwa wamepewa chanjo, au elimu inayokaa kichwani milele, faida ingebaki nao walau kwa muda. Ilikwisha pamoja na zamu. Ndiyo maana naona ni kosa kuuita ufuatiliaji huu kifaa, kana kwamba kinanunuliwa mara moja na kuwekwa kabatini. Ni kazi, kama kazi ya mlinzi wa usiku, na thamani yake yote imo katika kuendelea.

Mwenye shaka atasema hapo ninacheza na tafiti tofauti: Wajerumani si Wamarekani, miaka si ileile, dawa zimeboreka, nani ajuaye kilicholeta tofauti? Ni shaka halali. Ndiyo maana ushahidi ninaouthamini kuliko wote ni ule ambamo kifaa kilikuwa kimoja kwa kila mtu. Kuna kihisi kidogo kisicho na betri, kinachopitishwa kwa mrija kutoka kwenye paja na kupandikizwa ndani ya mshipa unaopeleka damu mapafuni. Mgonjwa akiwa nyumbani analala chali juu ya mto maalumu wenye antena, na ndani ya sekunde chache shinikizo la ndani ya mshipa limesomwa na kutumwa kwa daktari. Shinikizo hilo huanza kupanda wiki kadhaa kabla mizani haijagutuka. Katika utafiti wa CHAMPION, uliochapishwa mwaka 2011, wagonjwa 550 wa Marekani walipandikizwa kihisi hicho wote, bila kubagua. Wote walilalia mto, wote walituma. Kura iliamua jambo moja tu: namba za nani daktari atazisoma, na za nani zitaingia kwenye kompyuta zisisomwe na anayemtibu. Baada ya miezi sita, kundi ambalo namba zake zilisomwa lililazwa kwa ajili ya moyo kwa asilimia 28 pungufu, na dawa zake zilikuwa zimebadilishwa zaidi ya maradufu. Wale wengine walikuwa na chombo kilekile, mahali palepale mwilini, kikisema ukweli uleule kila asubuhi, na hakikuwafaa kitu.

Kisha likatokea jambo ambalo wengine waliliona aibu ya kampuni, mimi naliona kama ushahidi wa pili. Maombi ya kihisi hicho yalipofika mbele ya mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilibainika kwamba wauguzi walioajiriwa na kampuni walikuwa wakiwapigia madaktari wa kundi lililosomwa na kuwapa ushauri wa matibabu. Swali likawa zito: wagonjwa wamepona kwa kihisi, au kwa muuguzi anayemsukuma daktari? Kibali kilikawia hadi Mei 2014, baada ya hesabu kufanywa upya na wagonjwa kufuatiliwa zaidi. Kwa sheria za utafiti lile lilikuwa doa, na mamlaka ilikuwa na haki ya kulikataa. Lakini tazama swali lenyewe lilivyo. Watu wenye kazi ya kupima vyuma na mitambo walijikuta hawawezi kuitenga nguvu ya chuma na nguvu ya mtu anayepiga simu, kwa kuwa nguvu hizo zilikuwa zimesukwa pamoja tangu mwanzo.

Hilo halimaanishi kwamba ubora wa chombo ni kitu cha kupuuza. Kihisi cha mshipani kinaona mbali kuliko mizani. Mwaka 2023 utafiti wa Uholanzi wa wagonjwa 348, MONITOR-HF, ulionyesha kulazwa kwa ajili ya moyo kukipungua kwa asilimia 44 na wagonjwa wenyewe wakisema wanaishi vizuri zaidi. Miaka miwili kabla yake, utafiti mkubwa wa GUIDE-HF wa wagonjwa 1,000 haukufikia tofauti ya kuaminika kwenye hesabu yake kuu, na UVIKO uliingilia katikati ukabadilisha jinsi watu wote walivyoishi na kutibiwa. Nasoma matokeo hayo hivi: jicho kali linasaidia pale ambapo mkono upo. Na jicho lina makosa yake. Kibanio cha oksijeni, kifaa cha bei nafuu kuliko vyote kwenye kisanduku na kinachopendwa na kila mfadhili, kinapitisha mwanga kwenye ngozi, na ngozi nyeusi inakidanganya. Uchunguzi wa Marekani uliochapishwa Desemba 2020 ulikilinganisha na kipimo cha damu yenyewe: upungufu mkubwa wa oksijeni ulifichika kwa asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, dhidi ya asilimia 3.6 vya weupe. Kifaa kinasema 94, mgonjwa anasema anakosa pumzi. Aliyezoea kusikiliza atamwamini mgonjwa. Programu iliyofundishwa kuamini namba itaandika kwamba yuko salama.

Hapo tunaingia kwenye pingamizi lenye nguvu kuliko yote, nalo ni la fedha. Zamu ya saa 24 ni mishahara, na mishahara haiishi. Kompyuta inanunuliwa mara moja, haiendi likizo, na kila mwaka inakuwa na akili zaidi. Kwa nchi yenye madaktari bingwa wa moyo wachache kuliko mikoa yake, kudai muuguzi nyuma ya kila mizani si kama kumwambia mwenye njaa asubiri karamu? Nakubali nusu ya hoja hiyo. Mashine inapanga vizuri: hata Berlin, programu iliwapanga wagonjwa kwa kiwango cha hatari ili anayesoma aanze na aliye hoi, na bila upangaji huo watu wachache wasingeweza kuwaangalia mamia. Tatizo ni pale mashine inapotakiwa pia kuuliza kwa nini. Kilo mbili za Jumatatu zinaweza kuwa papa mkavu wa chumvi aliyeliwa harusini Jumamosi. Zinaweza kuwa kidonge cha maji ambacho mtu hakukimeza kwa siku mbili kwa sababu alikuwa anasafiri na basi la Mbeya, na basi halisimami kila anapobanwa mkojo. Katika mwezi wa Ramadhani zinaweza kuwa dawa ya asubuhi iliyohamishiwa wakati wa futari bila kumuuliza daktari, kisha ikaachwa kabisa kwa kuwa inamnyima usingizi kati ya tarawehe na daku. Au zinaweza kuwa kwamba dawa imeisha tangu Alhamisi na mtu anaona haya kusema hana hela. Namba ni moja kwa wote wanne, na tiba ni nne. Muuguzi wa kawaida, aliyezaliwa mitaa hiyohiyo, ataijua kwa maswali mawili. Gharama ya kutomuuliza inalipwa pia, ila inalipwa wodini, na mara nyingi inalipwa na ndugu.

Lipo na lalamiko la utu, ambalo waandishi wa Ulaya wamelikazania kuliko sisi: kwamba nyumba inageuzwa wodi, na mzee anaanza kuishi kama mtuhumiwa wa mizani yake mwenyewe, akiogopa namba kabla hajaogopa ugonjwa. Lina ukweli. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, na uzito wa mtu wa kila asubuhi ni siri yake kama ilivyo kauli yake kwa daktari. Lakini woga wa namba huzidi pale namba inapobaki bila mtu wa kuieleza. Anayejua kwamba ikipanda atapigiwa simu na sauti anayoifahamu hana sababu ya kukesha akiitazama.

Kwa upande wetu wa dunia, mgonjwa mwenyewe ni mwingine. Utafiti wa THESUS-HF, uliochapishwa mwaka 2012 kwa wagonjwa 1,006 kutoka nchi tisa za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, ulikuta umri wa wastani ni miaka 52, na chanzo kikuu ni presha, kwa asilimia 45 hivi; kuziba kwa mishipa ya moyo, ndiko kunakotawala Ulaya, hakukufika asilimia 8. Utafiti wa hospitali ya Muhimbili wa mwaka 2014, kwa wagonjwa 427, ulitoa picha ileile: umri wa wastani miaka 55, na presha mbele ya kila kitu. Mzee wa Berlin amestaafu, ana pensheni na bima. Wa kwetu bado anasomesha watoto, na akilala yeye duka limefungwa au shamba limelala. Mwaka 2017 utafiti wa nchi 16 uitwao INTER-CHF ulipolinganisha vifo vya ndani ya mwaka mmoja, Afrika iliongoza kwa asilimia 34, wakati wastani wa wote ulikuwa asilimia 16.5. Mmoja katika kila watatu. Kwa hiyo atakayesema kwamba kuzungumzia mizani yenye mtandao hapa ni anasa, wakati watu wanakosa dawa zenyewe, hasemi upuuzi. Dawa kwanza, hilo halina mjadala, kwani muuguzi wa Berlin angekuwa na kazi gani kama amri yake ya kuongeza dozi ingegonga kwenye rafu tupu?

Ila hoja hiyo ikifuatwa hadi mwisho inaniunga mkono. Mwaka 2022 utafiti wa STRONG-HF, uliofanyika katika nchi 14, Msumbiji na Nijeria zikiwemo, uliwachukua wagonjwa 1,078 waliokuwa wamelazwa na kuwapa nusu yao kitu kisichohitaji hata betri: dawa za kawaida zilizopandishwa haraka hadi dozi kamili ndani ya wiki mbili, na kuonana na daktari mara kwa mara wiki za mwanzo, wakipimwa damu na kuangaliwa kila dozi inapopanda. Ndani ya siku 180, waliofariki au kulazwa tena kwa moyo walikuwa asilimia 15.2, dhidi ya 23.3 ya waliotibiwa kwa mazoea. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu haikuwa haki tena kuwanyima wale wengine. Hapakuwa na kihisi wala kishikwambi. Palikuwa na dawa na jicho la karibu. Watu wetu hutoka hospitali na karatasi iliyoandikwa njoo baada ya miezi mitatu, na miezi mitatu ndiyo hasa muda ambao ugonjwa huu unaua.

Wapenda teknolojia wanapotaka kutuonyesha kwamba simu inaweza kila kitu hutaja M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007. Mfano mzuri, ila wanausoma nusu. Namba kwenye simu ilikubalika kuwa fedha kwa sababu kila kona palikuwa na wakala kwenye kibanda, mwenye noti mkononi, anayeweza kuigeuza namba kuwa pesa papo hapo. Mgonjwa naye anahitaji wakala wa namna hiyo, na Kenya ilikwisha kumjaribu, japo kwa ugonjwa mwingine. Katika utafiti uliochapishwa kwenye The Lancet mwaka 2010, wagonjwa 538 walioanza dawa za kupunguza makali ya VVU waligawanywa kwa kura, na nusu yao walipata ujumbe mfupi wa simu kila wiki kutoka kwa muuguzi wa kliniki. Ujumbe wenyewe kwa kawaida ulikuwa neno moja: Mambo? Haukutaja ugonjwa wala dawa, hata simu ikiokotwa na jirani. Mgonjwa alijibu Sawa, au Shida, ndani ya saa 48. Aliyesema Shida alipigiwa simu, na aliyenyamaza siku mbili alipigiwa pia. Waliomeza dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62 kwa waliopata ujumbe na 50 kwa wasioupata. Ambao virusi vyao vilidhibitiwa, asilimia 57 dhidi ya 48. VVU si moyo, na dawa zake zilikuwa za bure wakati za moyo mtu hujinunulia, kwa hiyo sitazihamisha asilimia hizo kama zilivyo. Ninachokihamisha ni mpangilio. Chombo kilikuwa cha chini kabisa, simu ya vitufe, na kimya cha mgonjwa kilihesabiwa kuwa habari. Mtambo wa Tele-HF uliwapoteza waliounyamazia, na ndio waliokuwa na haja kubwa zaidi ya kutafutwa.

Mizani ya kawaida ya bafuni, mashine ya presha ya mkononi, na muuguzi mmoja mwenye simu, orodha ya wagonjwa, maandishi ya daktari yanayomruhusu kupandisha na kushusha dawa ya maji kwa mipaka iliyoandikwa, na mwenzake wa kumpokea usiku: hapo ndipo ningeanzia, kabla ya kuagiza kihisi chochote. Vishikwambi vitafuata, na vikifuata vitakuta watu wa kuvisoma. Mnaokaa kwenye kamati za ununuzi, mzabuni akitandika mitambo yake mezani na kuwasha skrini, mwombeni kwanza orodha ya zamu. Tafuteni jina lililoandikwa kwenye saa nane ya usiku wa Jumapili, mpigieni simu palepale, mwone kama anapokea.